Schokland: kijiji kilichohamishwa na serikali, kisha bahari yenyewe ikahamishwa

Desemba 1858 Uholanzi ilipata sheria mpya iliyohusu kisiwa kimoja tu. Wakazi wote wa Schokland, kisiwa chembamba kilichokuwa katika bahari ya Zuiderzee, walitakiwa kuhama. Wangelipwa fidia, nyumba zao zibomolewe, na manispaa yao ifutwe. Kufikia Julai 1859 agizo lilikuwa limetekelezwa. Watu zaidi ya 600 walikuwa wamepakia vyombo vyao mashuani na kutawanyika katika miji ya pwani.

Miaka 81 baadaye serikali ya nchi hiyo hiyo ilizungushia tuta eneo lile la bahari na kuanza kuyasukuma maji nje. Mwaka 1942 sakafu ya bahari ilikuwa kavu. Leo Schokland ni mwinuko mdogo katikati ya mashamba ya viazi, vitunguu na tulipu katika jimbo la Flevoland, na mtu hufika hapo kwa baiskeli. Mwaka 1995 UNESCO iliandikisha Schokland na mazingira yake katika orodha ya Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza kabisa pa Uholanzi kupata heshima hiyo.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya wavuvi maskini walioshindwa na mawimbi. Nakubali kwamba mawimbi yalikuwepo na umaskini ulikuwepo. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini kijiji hiki kilikufa, na jirani yake Urk kikaishi hadi leo, aanze chini, kwenye udongo. Kisha aitazame serikali, aone ilichohesabu na ilichokisahau.

Udongo uliozama

Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita barafu nene kutoka kaskazini mwa Ulaya ilisukuma mawe na udongo mzito hadi katikati ya Uholanzi ya leo. Barafu ilipoyeyuka iliacha vilima vya chini vya udongo mgumu uliochanganyika na mawe. Kimojawapo ndicho Urk kilipojengwa. Kingine ni Vollenhove, upande wa mashariki. Schokland iko kati yao, mahali pa chini zaidi, na ardhi yake nyingi imekuwa ya aina nyingine kabisa.

Kabla ya maji kutawala, watu walikuwa hapa. Wanaakiolojia wamekuta kuzunguka kisiwa makaburi, mabaki ya makazi na mikwaruzo ya majembe ya wakulima wa kale, waliolima juu ya matuta ya mchanga kandokando ya mito. Kisha usawa wa bahari ukapanda polepole, maji ya ardhini nayo yakapanda, na mabonde yakageuka vinamasi. Mimea ilikufa ndani ya maji bila kuoza sawasawa, tabaka juu ya tabaka, ikawa mboji nene ya mita kadhaa. Katikati ya vinamasi hivyo kulikuwa na ziwa kubwa ambalo waandishi wa Kirumi waliliita Flevo. Zama za kati lilikuwa limepanuka na kuitwa Almere.

Mboji ina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki. Ni kama godoro la sufi lililolowa: likiwa na maji hubaki limejaa, ukilikamua hubonyea. Wakulima walioingia katika vinamasi hivi kuanzia karibu karne ya 10 walifanya jambo la busara kwa wakati wao. Walichimba mifereji, maji yakatoka, wakapata ardhi ya kupanda nafaka na kulisha ng'ombe. Lakini mboji iliyokauka ilisinyaa, na ile iliyokutana na hewa ikaendelea kuoza hadi ikapotea kabisa. Uso wa ardhi ukashuka. Uliposhuka, maji yakarudi shambani, nao wakachimba mifereji mirefu zaidi. Baada ya vizazi kadhaa ardhi iliyokuwa juu ya maji ilikuwa sawa nayo, kisha chini yake. Watu waliosumbukia shamba ndio walioifungulia bahari mlango, na hakuna mmoja wao angeweza kulijua hilo katika maisha yake mwenyewe.

Dhoruba zilimalizia. Gharika ya mwaka 1170 na ile ya Desemba 1287, pamoja na nyingine nyingi ndogo, zilipasua ukingo wa mboji na kuliunganisha ziwa na Bahari ya Kaskazini. Maji yakawa ya chumvi, nayo Zuiderzee ikazaliwa. Schokland ilikuwa rasi kwa muda, na kufikia karne ya 15 ilikuwa kisiwa. Baada ya hapo kila karne iliitafuna zaidi. Bahari nayo ilitandaza udongo wa mfinyanzi juu ya mboji iliyobaki, na uzito wa udongo huo ukaikandamiza mboji izidi kushuka.

Wakazi walijibu kwa njia waliyoijua watu wa pwani hizo tangu kale, yaani kuinua mahali pa kulala. Walirundika udongo, samadi na takataka hadi kupata vilima vya kujengwa kwa mikono, na juu yake wakasimamisha nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Karne ya 19 ilipoanza, kisiwa kilichobaki kilikuwa na urefu wa kilomita 4 hivi na upana wa mita mia chache tu. Watu wote waliishi juu ya vilima vitatu: Emmeloord upande wa kaskazini, Middelbuurt katikati na Zuidert kusini. Sehemu iliyobaki ilikuwa majani yaliyofunikwa na maji kila pepo za baridi zilipovuma. Ili kwenda kijiji hadi kijiji walipita juu ya njia ya mbao nyembamba, na kando yake kulikuwa na tope.

Kisiwa kimoja, mabwana wawili

Tatizo la udongo lilikutana na tatizo la utawala. Kwa muda mrefu Emmeloord ilikuwa upande wa jimbo la Holland na sehemu ya kusini, iliyoitwa Ens, ilikuwa ya jimbo la Overijssel. Dini nazo zilifuata mgawanyiko huo. Emmeloord ilibaki ya Wakatoliki, Ens ikawa ya Waprotestanti, na Wakatoliki ndio waliokuwa wengi. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ulinunua umiliki wa Emmeloord na Urk. Hawakununua kwa ajili ya samaki wala nyasi. Meli za biashara za Amsterdam zilipita Zuiderzee kwenda na kurudi, nazo zilihitaji moto wa kuziongoza usiku na visiwa vya kuvunja nguvu ya mawimbi.

Naomba msomaji aishike hoja hiyo, kwa sababu inarudi baadaye na uzito mkubwa. Kwa mabwana wa bara, Schokland ilikuwa na thamani kama ukuta wa bahari na nguzo ya taa. Wakazi walikuwa watu waliokuwa wanaishi juu ya ukuta huo.

Kuulinda ukingo kulikuwa kazi isiyoisha. Safu za miti mirefu zilipigiliwa kwenye maji kando ya kisiwa, na nyuma yake mawe yakajazwa. Dhoruba iling'oa miti, barafu ya majira ya baridi ikaikata, na katika miaka ya 1730 minyoo inayotoboa mbao baharini iliharibu kingo za miti kote Uholanzi hadi nchi ikageukia mawe. Mawe hayapatikani katika nchi ya udongo laini. Huletwa kwa meli, na hulipiwa.

Wakazi wenyewe hawakuwa na uwezo wa kulipa. Kilimo kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo kila mlo ulitoka baharini: heringi, dagaa mcheli, mkunga. Aina moja ya mashua za Zuiderzee, schokker, ina jina linalokumbusha kisiwa hiki. Lakini uvuvi wa pwani ni mwaka wa neema na mwaka wa njaa, na bahari ilipoganda wiki kwa wiki mashua zilikaa bandarini na watu wakategemea misaada. Viongozi wa bara walijaribu kuwapa kazi ya kufuma vitambaa. Haikuwatoa katika umaskini.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1825 upepo wa kaskazini magharibi ulisukuma bahari ndani ya Zuiderzee. Kandokando ya pwani ya Overijssel watu mamia walikufa. Schokland ilipoteza watu 13, nyumba nyingi zikachukuliwa na maji au zikabaki magofu, na kanisa la Waprotestanti likaharibika.

Baada ya hapo kulitokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Serikali ilijenga upya. Kanisa jipya la Middelbuurt lilisimama mwaka 1834, na ndilo lililopo hadi leo kama sehemu ya makumbusho ya kisiwa. Mwaka 1842 Wakatoliki wa Emmeloord nao walipata kanisa lao jipya. Nchi isiyo tajiri sana ilijenga makanisa mawili kwenye kisiwa kinachozama, na miaka 17 baada ya la pili ikawaondoa waumini wote. Katika rekodi ya majengo hayo naona serikali ambayo haikuwa na mpango wowote. Ilikuwa ikijibu dhoruba moja moja, kwa huruma ya kweli, hadi siku hesabu zilipoikatisha tamaa.

Uamuzi wa 1859

Hoja za kuhamisha zilikuwa mbili. Gharama za kulinda makazi ziliongezeka mwaka hadi mwaka, na watu waliokuwa wanalindwa walizidi kuwa maskini. Meya wa mwisho, Gillot, ndiye aliyesimamia kazi hiyo kisiwani. Wengi walikwenda Kampen, hasa mtaa wa wavuvi wa Brunnepe. Wengine walikwenda Vollenhove, na baadhi ya Wakatoliki wakaelekea Volendam, kijiji cha wavuvi wa imani yao ng'ambo ya maji. Nyumba zilibomolewa ili asirudi mtu. Kanisa la Emmeloord nalo lilivunjwa, vifaa vyake vikasafirishwa, na likajengwa upya katika mji wa Ommen.

Je, uamuzi ulikuwa sahihi? Kwa upande wa udongo, nadhani ulikuwa sahihi. Hakuna uhandisi wa mwaka 1859 ambao ungeweza kuzuia mboji isishuke chini ya vijiji vile. Watoto walikuwa wanalala juu ya vilima ambavyo dhoruba moja zaidi ya ile ya 1825 ingeweza kuvifuta. Anayesema wangeachwa wabaki aeleze nani angebeba dhamana ya maisha yao.

Lakini tazama kilichobaki kisiwani baada ya wao kuondoka. Bandari ya Emmeloord ilitunzwa, kwa kuwa mashua zilihitaji pa kukimbilia upepo ukichafuka. Mlinzi wa taa alibaki, msimamizi wa bandari alibaki, na mawe ya ukingo yaliendelea kupangwa kwa fedha za umma. Serikali iliendelea kubeba gharama ya Schokland kwa miongo minane. Kile kilichokuwa na faida kwa wasafiri wa baharini kilitunzwa vizuri, kikaachwa tu kile kilichokuwa na faida kwa wakazi peke yao. Ndiyo hesabu ile ile ya Amsterdam ya mwaka 1660, safari hii ikiwa imevaa koti la sheria ya nchi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba walihamisha familia, hawakuhamisha kijiji. Hapakutengwa mahali pamoja pa Waschokland kukaa pamoja, na kanisa lao, na gati lao, na jina lao. Kila familia ilipata fidia na kutafuta pa kujibanza katika mitaa ya watu wengine, mara nyingi mitaa iliyokuwa tayari maskini. Katika vizazi vichache mavazi yao ya kisiwani yaliachwa na lahaja yao ikatoweka midomoni mwa watu. Mambo hayo hayakuzamishwa na bahari.

Urk inasaidia kupima hasara hiyo. Visiwa hivi viwili vilikuwa na bahari moja, samaki wale wale, umaskini unaokaribiana, na kwa muda hata mmiliki mmoja. Urk ilikaa juu ya kilima kile cha udongo mgumu wa barafu, kwa hiyo sehemu yake ya juu haikushuka. Kwa sababu hiyo haikuondolewa watu. Mwaka 1939 tuta kutoka Lemmer, upande wa bara, liliifikia na ikaacha kuwa kisiwa, lakini ilikuwa bado na watu wake. Leo ina wakazi zaidi ya 20,000, meli za uvuvi zinazokwenda Bahari ya Kaskazini, na lahaja yake inazungumzwa nyumbani na mitaani. Sioni sababu ya kuamini kwamba Waurk walikuwa na moyo zaidi kuliko Waschokland. Walikuwa na ardhi bora chini ya miguu yao, basi.

Bahari inapoondoka

Mhandisi Cornelis Lely alikuwa amechora mpango wa kuifunga Zuiderzee tangu mwishoni mwa karne ya 19. Gharika ya Januari 1916 na njaa ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza viliushawishi umma, na sheria ikapitishwa mwaka 1918. Tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho la tuta kubwa la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, lilizibwa. Bahari ikageuka ziwa la maji baridi, IJsselmeer. Uvuvi wa dagaa na heringi ulioilisha Schokland ukafa wakati huo, kwa hiyo hata kama kijiji kingeachwa kingelazimika kubadilika.

Kisha ikaja polda ya Noordoostpolder, hekta karibu 48,000 zilizozungushiwa tuta na kukaushwa kwa mitambo ya kusukuma maji. Tuta lilifungwa Desemba 1940, nchi ikiwa tayari chini ya jeshi la Ujerumani, na miaka iliyofuata vijana wengi waliokwepa kukamatwa na Wajerumani walijificha humo wakifanya kazi ya kuchimba mitaro. Sakafu ilipoonekana, ilijaa mabaki ya meli. Katika polda zote za Flevoland yamepatikana zaidi ya 400, na wanaakiolojia walipata kazi ya maisha yao yote.

Serikali ile ile ambayo mwaka 1859 haikuwajengea Waschokland kijiji kimoja, sasa ilijenga mji katikati ya polda na vijiji kumi vikiuzunguka, kila kimoja kwa umbali wa kufikiwa kwa baiskeli. Wakulima wa kwanza walichaguliwa kwa uangalifu mkubwa kutoka pande zote za nchi. Walipewa mashamba yaliyopimwa, shule, makanisa ya kila dhehebu na maduka. Mji wa katikati uliitwa Emmeloord, na kijiji kilicho karibu na kisiwa cha zamani kikaitwa Ens. Majina yalirudishwa, lakini wajukuu wa waliohamishwa hawakuwa na haki yoyote ya kutangulizwa katika mashamba hayo. Nikisoma habari za upangaji wa polda hiyo, ambao kwa kweli ni kazi ya kupigiwa mfano, hapo ndipo panaponiuma. Ujuzi wa kuhamisha watu kwa heshima ulikuja, ila ulichelewa kwa watu wa kisiwa hiki.

Wazao wao hawakusubiri serikali. Wameunda chama chao, wamekusanya nasaba za familia kutoka Kampen, Vollenhove na Volendam, na huenda kisiwani kukutana. Makumbusho yamejengwa kuzunguka kanisa la 1834. Kwenye ncha ya kusini misingi ya kanisa la kale la Ens imefukuliwa na kuonyeshwa, na kaskazini bandari ya Emmeloord imechongwa upya katika nyasi, gati likiwa limesimama mahali pasipo na maji.

Kuna sehemu ya kisa ambayo bado inaendelea. Polda ilipokaushwa, mboji iliyo chini ya Schokland ilianza tena kile ilichokifanya zama za kati: kukauka, kusinyaa na kuoza. Kisiwa ambacho bahari haikukimaliza kikaanza kushuka kikiwa katikati ya nchi kavu, na mabaki ya kale yaliyohifadhiwa na unyevu kwa maelfu ya miaka yakawa hatarini kuharibika. Mashamba ya jirani yalihitaji maji yawe chini ili mazao yasioze, na kisiwa kilihitaji maji yawe juu ili kisipotee. Matakwa hayo mawili hayawezi kutimizwa kwa mtaro mmoja.

Suluhisho lililochukuliwa ni kutenga ukanda wa ardhi kando ya kisiwa, upande wa mashariki, ambako kilimo cha kawaida kilisimamishwa na kiwango cha maji kikapandishwa makusudi. Ukanda huo sasa ni malisho ya majimaji na makazi ya ndege. Umepunguza kasi ya kushuka, lakini haukuisimamisha kabisa. Mabishano hayo hayo yamesambaa nchini kote, kwa kuwa maeneo makubwa ya malisho ya ng'ombe magharibi na kaskazini mwa Uholanzi yako juu ya mboji inayoshuka na kutoa kaboni dioksidi inapooza. Makubaliano ya kitaifa ya tabianchi ya mwaka 2019 yaliweka lengo la kupunguza tani milioni 1 za hewa hiyo kwa mwaka kutoka kwenye ardhi za mboji ifikapo 2030. Ili lifikiwe, wafugaji wengi watalazimika kukubali maji yapande katika mashamba ambayo babu zao walitumia karne nyingi kuyakausha, na swali la nani awalipe fidia, na kiasi gani, liko mezani tena.